Jina Lililobaki Kwenye Fomu

Watu wa Meru mjini walipoanza kusimulia habari za Kananu Bundi, walimgeuza mwanamke wa mizimu. Wengine walisema aliongea na wafu kwa kompyuta. Mimi nilifanya kazi naye katika jengo moja kwa miaka minne, na sikuwahi kumwona akifanya jambo la kuogofya. Alikuwa karani. Alipenda chai yenye tangawizi, aliimba kwaya kanisani, na alikuwa na mazoea ya kuvua viatu chini ya meza akidhani hatumwoni.

Alizaliwa Kibirichia, kule juu kwenye baridi, katika familia ya wakulima wa viazi. Baba yao alikufa mapema. Wakabaki watatu: mama yao Karimi, Kananu, na kaka yake mkubwa Kiambi. Mwaka 1991 baridi iliunguza viazi vyote kwa usiku mmoja, majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kiambi, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akasema anateremka kutafuta kibarua upande wa Embu. Alituma salamu mara moja tu kupitia kwa mtu wa kanisa. Baada ya hapo, kimya.

Walimtafuta. Kananu alikwenda hadi Embu mjini akiwa na picha yake ndogo ya kitambulisho, akauliza sokoni na hospitalini. Hakuna aliyemjua. Wengine walisema yuko Nairobi, wengine wakasema amevuka mpaka. Miaka ikapita. Mama Karimi alikataa katakata mtu yeyote kumwombea Kiambi kama marehemu. "Mtu bila kaburi si maiti," alikuwa akisema. "Yuko mahali."

Kananu aliolewa na mwalimu, akapata mtoto mmoja, Munene, na mwaka 1996 akaajiriwa katika mradi wetu wa mbegu. Mradi ulikuwa na ofisi mbili. Ya Meru ilishughulikia wakulima wa viazi wa milimani, na ya Embu ilishughulikia wakulima wa ndengu na mtama wa kule Mbeere. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wakulima waliokuja kuomba mbegu.

Mwaka 1998 tuliletewa kompyuta, na pamoja nazo akaja fundi aitwaye Kailemia, kijana mwembamba, mwenye maneno machache. Kompyuta kubwa kuliko zote, aliyoiita seva, aliifungia katika kistoo mwisho wa ukumbi. Zile ndogo za mezani ziliomba kurasa kutoka kwenye hiyo seva, nayo ikazitengeneza na kuzituma. Hata ofisi ya Embu iliweza kuziomba kupitia waya wa simu, saa sita mchana kila siku, kwa mujibu wa ratiba iliyobandikwa ukutani.

Kailemia aligundua kwamba Kananu ana kichwa chepesi, akaanza kumfundisha kuandika programu zenyewe, kwa lugha iitwayo Perl. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikijaza ripoti zangu, ndiyo maana nakumbuka.

"Hiki ni kigeu," alimwambia, akiandika alama ya dola na mbele yake neno *jina*. "Ni kama debe ulilolibandika karatasi. Karatasi inasema *jina*. Ndani unaweka Kathuri, unaweka Wanjugu, unaweka yeyote. Kilichomo hubadilika, karatasi haibadiliki."

"Na debe lenyewe linatoka wapi?"

"Ndiyo maana lazima ulitangaze kwanza." Akaandika kabla ya ile dola neno fupi la Kiingereza, *my*. "Maana yake ni 'langu'. Unaiambia mashine: debe hili ni langu, la kazi hii tu. Kazi ikiisha, livunje. Ukiandika hivi kila mara, hutapata taabu."

Kananu alijaribu bila lile neno. Programu ikafanya kazi vilevile.

"Mbona haikulalamika?" akauliza.

"Perl ina heshima sana," Kailemia akasema. "Inakuacha ukosee."

Kananu akaandika fomu ya kuandikisha wakulima yeye mwenyewe, ukurasa mzima, kwa siku nne. Ilikuwa na nafasi ya jina la kwanza, nafasi ya jina la pili, na vitufe viwili chini. Kimoja kiliitwa Angalia, ambacho kilionyesha ulichoandika bila kukiweka popote. Kingine kiliitwa Hifadhi, ambacho kiliweka jina katika orodha kisha kikasafisha fomu. Vigeu vyake hakuvitangaza hata kimoja. Haraka ilikuwa nyingi, na fomu ilikwenda mwaka mzima bila kasoro.

Mwezi wa Mei mwaka 1999, Kailemia alibadilisha kitu kimoja kwenye seva. Kabla ya hapo, mtu alipoomba fomu, programu iliamka, ikafanya kazi yake, ikafa. Ilipokufa ilikwenda na kila kitu. Hilo lilikuwa la polepole, basi akaipanga ikae macho mchana na usiku, ikiwangoja watu. Fomu zikaanza kufunguka upesi. Tulimpongeza, akanunuliwa soda.

Jambo lenyewe lilianza Julai, siku ya Jumatatu. Meru mjini kulikuwa na ukungu ule wa Julai unaoingia mpaka ndani ya ofisi na kukaa juu ya makaratasi. Kananu alifika saa mbili u nusu, akiwa wa kwanza kama kawaida. Aliwasha kompyuta yake, akaomba fomu.

Fomu haikuja tupu. Katika nafasi ya kwanza paliandikwa *Kiambi*. Katika ya pili, *Bundi*.

Nilipoingia nilimkuta amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Aliniuliza kama kuna mtu aliyeingia ofisini. Nikamwambia mlango hufungwa kila jioni, na ufunguo anao yeye. Akainama, akafuta yale majina herufi moja moja, akaketi. Baadaye alinieleza kwamba alijiambia ni mikono yake iliyoandika bila habari, kwa uchovu.

Jumanne asubuhi, *Kiambi Bundi*. Jumatano, *Kiambi Bundi*.

Alitafuta katika orodha ya wakulima wote, wa Meru na wa Embu. Walikuwepo Kiambi kumi na wawili na Bundi tisa. Kiambi Bundi hakuwepo. Hakuna aliyemhifadhi. Jina lilikuja asubuhi tu, na lilikuja kwenye fomu tu, kama mtu anayesimama mlangoni asiingie.

Mchana ule alimwendea Kailemia. Hakumwambia jina ni la nani, alimwambia tu fomu inakuja imejazwa. Kailemia alizima seva na kuiwasha tena. Fomu ikaja tupu.

"Umeona, Mama Munene? Ilikuwa imechoka tu."

Siku iliyofuata, saa mbili u nusu, ukungu dirishani, *Kiambi Bundi*.

Sasa sisi wengine tulikuwa tumejua. Mpishi wa chai aliacha kuingia chumba kile kabla ya saa nne. Mimi pia, nakiri, nilianza kutafuta safari za shambani za asubuhi. Kilichotutisha ni utaratibu wake. Kitu kibovu huharibika ovyo. Hiki kilifika kama mwajiriwa.

Jumamosi Kananu alipanda Kibirichia kumwona mama yake. Hakuwa amekusudia kusema, lakini Mama Karimi alikuwa akimenya viazi na akamtazama mara moja tu.

"Una nini?"

Kananu akamweleza. Alitarajia mama atalia, au atamwita mchungaji. Mama Karimi aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha mkononi.

"Na wewe unamfanyia nini akija?"

"Ninamfuta, Mama. Ili nifanye kazi."

"Unamfuta!" Mama akaweka kisu chini. "Mtoto wa tumbo langu anakuja kwako kila asubuhi anasimama, na wewe unamfuta? Umemuuliza yuko wapi?"

"Mama, ni mashine."

"Nimekuuliza kama umemuuliza."

Kananu alikuwa Mkristo, na alikuwa mtu wa Perl. Aliniambia kwamba safari nzima ya kurudi mjini alibishana na mama yake kichwani, na akamshinda kwa kila hoja. Hata hivyo Jumatatu jioni, saa kumi na moja, tulipokuwa tukifunga, alifungua fomu. Katika nafasi ya kwanza akaandika *Kiambi*. Katika ya pili akaandika *uko wapi*. Akabonyeza Angalia, akazima kompyuta yake, akaja nje akifunga koti, bila kunitazama.

Jumanne nilifika pamoja naye. Aliniomba. Alifungua mlango, tukaingia na mikoba yetu mikononi, na hatukuketi. Kompyuta ilichukua muda wake wote kuamka. Akaomba fomu.

Nafasi ya kwanza, *Kiambi*.

Nafasi ya pili, *mchangani*.

Sijui nilisema nini. Nakumbuka nilishika ukingo wa meza, na nakumbuka kusikia mtu akifagia nje barabarani, fagio la kawaida kabisa, na sauti ile ilikuwa mbali kama inatoka nchi nyingine. Kananu hakulia wala hakupiga kelele. Aligusa kioo kwa ncha ya kidole, juu ya lile neno, kisha akatoka kwenda kumtafuta Kailemia.

Safari hii alimwambia yote. Kailemia aliufunga mlango wa kistoo, akaketi mbele ya seva. Kuna daftari ambalo seva hujiandikia yenyewe, kila ombi, saa na dakika, na mahali lilikotoka. Halisemi mtu aliandika nini, ila linasema alikuja. Kailemia alilisoma kutoka chini kwenda juu. Kisha akarudi nyuma siku moja, na nyingine, na nyingine.

"Kuna mtu anafungua fomu kila siku ya kazi saa mbili na dakika sita asubuhi," akasema. "Anaandika kitu, anabonyeza Angalia, anaondoka."

"Kutoka wapi?"

"Embu."

"Embu wanapiga saa sita."

"Saa sita ni ratiba. Huyu anapiga pia saa mbili."

Kisha akafungua ile programu ya Kananu, akaisoma mstari kwa mstari, akitikisa kichwa. "Vigeu hivi hukuvitangaza."

"Ulisema Perl haijali."

"Haikujali programu ilipokuwa ikifa kila mara. Debe lilivunjika lenyewe. Sasa programu haifi, Mama Munene. Debe usilolitangaza si lako wala si la yeyote, linabaki hapo limejaa. Aliyekuja mwisho akaacha kitu bila kukihifadhi, anayefuata anakikuta." Akamgeukia. "Wewe huwa unaacha nini jioni?"

Kananu alifikiri. Kila jioni kabla ya kufunga alijaribu fomu kuona kama seva iko hai. Aliandika jina lake mwenyewe, *Kananu Bundi*, akabonyeza Angalia.

Basi mambo yakawa wazi. Mtu wa Embu alipofungua fomu asubuhi alikuta *Kananu Bundi*. Alifuta *Kananu*, akaandika *Kiambi*. Lile *Bundi* aliliacha lilivyokuwa. Nusu ya jina ilitoka Meru na nusu ikatoka Embu, zikakutana ndani ya kistoo.

"Kwa hiyo hakuna mzimu," Kailemia akasema, kwa sauti ya kumfariji.

"Hakuna," Kananu akasema. "Kuna mtu."

Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli. Mzimu angeweza kumpeleka kwa mchungaji. Lakini huyu alikuwa mtu mwenye vidole, aliyekaa kwenye kiti mahali fulani Embu, aliyeulizwa Kiambi yuko wapi na akajibu.

Kailemia alitaka kurekebisha programu hapo hapo, kazi ya dakika kumi. Kananu alimkataza. "Usiguse," akamwambia. "Usiguse chochote bado."

Karani wa Embu aliitwa Kivuti. Tulimjua kwa sauti tu, mtu mpole, mwenye kuuliza hali ya hewa ya Meru kabla ya kuuliza jambo lingine. Kananu alipiga simu saa tatu na robo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia pande zote mbili.

"Ofisi ya Embu, habari ya asubuhi."

"Kivuti, ni Kananu wa Meru."

Hakuuliza hali ya hewa.

"Kivuti, Kiambi ni nani?"

Waya ulikuwa na mchakarisho kama wa majani makavu.

"Ni nani amekuuliza hivyo, Madam?"

"Nimeuliza mimi."

"Ni wewe uliyeandika? *Uko wapi*? Ni wewe?"

"Ni mimi. Kiambi ni ndugu yangu. Tumetoka tumbo moja."

Tulisikia simu ikiwekwa juu ya meza. Haikukatwa. Tulisikia kiti, tukasikia hatua zikienda, mlango ukifunguliwa, kisha ofisi tupu ya Embu, na mahali mbali sana ndani yake taipureta ikigonga. Kananu alishikilia mkono wa simu sikioni kwa dakika nyingi. Hakuna aliyerudi.

Kivuti alikuja mwenyewe. Jumatano asubuhi tulimkuta amesimama mbele ya mlango wetu katika ukungu, mwanamume wa miaka kama ishirini na minane, shati jeupe, bila sweta, akitetemeka. Sijui aliondoka Embu saa ngapi. Kananu akamfungulia, akamwekea kiti. Hakumpa chai. Kivuti alikataa kuketi.

"Sikujua alikuwa na jina la pili," ndilo neno lake la kwanza. "Alituambia Kiambi tu, anatoka Meru kwenye baridi. Tulikuwa tunamcheka kwa sababu ya sweta. Kule Kiritiri, Mbeere, lile jua, na yeye na sweta."

Alikuwa amemaliza shule mwaka ule wa 1991 na alikuwa akipakia mchanga katika mto mkavu chini ya Kiritiri, pamoja na wengine wanne. Kiambi alikuja akajiunga nao. Alifanya kazi wiki tatu. Wengine walipumzika mchana chini ya miiba, lakini Kiambi, ambaye hakulizoea joto, aligundua kwamba mahali penye ubaridi ni chini ya ukingo wa mto, pale wachimbaji walipokuwa wamekula mchanga kwa ndani mpaka pakawa kama pango. Akawa anaingia huko kulala.

"Siku hiyo mwenye machimbo aliniambia nipande juu ya ukingo niulegeze kwa sururu, lori lilikuwa njiani. Sikutazama chini, Madam. Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu nikasikia ardhi inavuta pumzi. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Ukingo wote ukaenda."

"Alikuwa ndani," Kananu akasema.

"Tulichimba kwa mikono. Ukingo uliobaki ukaanza kupasuka. Mwenye machimbo akatuita, akasema tokeni, utawaua na nyinyi. Akasema huyo Mmeru hana mtu hapa, hakuna atakayemuuliza. Akasema mimi ndiye niliyeshika sururu." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Halafu lori likaja. Tukalipakia, Madam. Mchanga ule ule."

Kailemia alikuwa mlangoni na waya mkononi, na hakujua aupeleke wapi.

"Na fomu?" Kananu akauliza. "Kwa nini uliandika?"

"Nilipofundishwa, mwanzoni mwa mwezi huu, waliniambia asubuhi jaribu kama laini inafika. Andika jina lolote, bonyeza Angalia, haliendi popote." Akarudia, "Haliendi popote. Nikaweka vidole, jina likaja hilo. Kesho yake tena. Nilikuwa nimekaa miaka minane bila kulitamka, na pale niliweza kulisema kila siku na hakuna anayesikia. Jina lako nililiona pale kila asubuhi nikadhani ni mfano, kama ule wa fomu za karatasi. Halafu jana nikafungua, nikakuta *Kiambi uko wapi*. Niliangalia nyuma yangu. Vidole vilijibu kabla sijafikiri."

Kananu alivaa viatu vyake. "Twende utuonyeshe," akasema.

Haikuwa rahisi hivyo, kulikuwa na chifu na polisi na karatasi, na ikapita siku tano. Lakini Jumatatu iliyofuata tulikuwa Kiritiri, Kananu, mumewe, mimi, Kivuti, askari wawili na wanaume sita wenye mabeleshi. Mto ulikuwa umehama. Kivuti aliongoza kwenye kona ya zamani iliyokatwa na mafuriko, ambapo miiba ilikuwa imeota juu ya mchanga. Hakutafuta. Alitembea moja kwa moja kama mtu anayekwenda kwake, akasimama, akaonyesha chini ya miguu yake.

Nimewahi kuogopa gizani kama mtu yeyote. Lakini kuna hofu ya saa saba za mchana ambayo sikuijua kabla ya siku ile. Jua lilisimama wima, hakuna kivuli hata cha jiwe. Mbuzi waliokuwa wakila upande wa pili waliacha kula wakatutazama. Mchanga ule haukutaka kuchimbwa. Kila beleshi moja lililotolewa, pembeni palimwagika mawili, kwa sauti laini, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Wale wanaume walikuwa Wambeere, watu wa machimbo, waliozoea kazi hiyo, na wakaacha kuongea mmoja baada ya mwingine. Kananu alisimama kwenye ukingo wa shimo kwa saa nne nzima. Aliniambia alitamani sana kuita jina, na kwamba alijizuia kwa nguvu zote, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba lingebaki bila kuitikiwa.

Saa nane na nusu beleshi lilileta sufi ya buluu.

Mama Karimi alikuwa ameifuma sweta hiyo mwenyewe, na mkono wa kushoto alikosea akaufanya mrefu. Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu, umekunjwa mara mbili.

Walimzika Kibirichia mwishoni mwa Julai, kwenye mvua nyembamba, karibu na baba yake. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Kivuti alikuja. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemfukuza. Jeneza liliposhushwa na wanaume kuanza kupokezana mabeleshi, alisogea akanyoosha mkono achukue moja. Mama Karimi alimwona kutoka upande wa pili wa kaburi.

"Wewe kaa hapo," akasema, bila kupaza sauti. "Wewe ulishamzika."

Kivuti akarudisha mkono. Alisimama pale pale mpaka udongo ukajaa, mvua ikimwingia shingoni. Watu walipokwenda kula, Mama Karimi alimtumia sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwa mkono wa Kananu. Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Nilimuuliza Kananu, akasema ilikuwa mukimo.

Polisi waliandika maelezo. Mwenye machimbo alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, na wale wapakiaji wengine walikuwa wametawanyika. Mwaka ukaisha bila Kivuti kuitwa mbele ya hakimu.

Siku mbili baada ya mazishi Kananu aliirekebisha fomu. Alitangaza kila kigeu, kimoja kimoja, na juu kabisa akaandika ile amri inayoifanya Perl iwe kali, ikatae jina lolote lisilotangazwa. Mara ya kwanza ilimrudishia makosa kumi na saba. Aliyasahihisha yote bila kuinuka. Tangu hapo fomu ilikuja tupu kila asubuhi. Mpishi wa chai akarudi kuja saa tatu.

Kivuti aliendelea na kazi Embu. Walizungumza kwa simu inapobidi, juu ya mbegu tu, kwa maneno machache ya heshima. Kailemia alisema daftari la seva bado linaonyesha mtu anafungua fomu saa mbili na dakika sita, anaandika, anabonyeza Angalia. Alimuuliza Kananu kama anataka apange programu imwonyeshe kilichoandikwa, ni mstari mmoja tu. Kananu akasema hapana.

Mradi ulifungwa Desemba. Kananu alipata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja kidogo cha kompyuta. Mama Karimi, ambaye kwa miaka minane hakuwahi kulala nje ya boma lake, asije Kiambi akarudi akakosa mtu, alikubali kwa mara ya kwanza kuja mjini kwa bintiye na kukaa wiki nzima. Alikuta Munene anajifunza kusoma, akawa anaketi naye mezani kila jioni, akimtaka amsomee kila kitu kilichoandikwa ndani ya nyumba, hata pakiti ya chumvi.